Matuta ya Oswaldi Ndani ya Mashine

4 Desemba 2024. Mvua milimita 31.

Saa tisa alasiri radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya nyumba ya jirani. Mtaa mzima wa Mazwi, hapa Sumbawanga, ukanuka waya ulioungua. Kompyuta yangu ya mezani imeamka baada ya saa moja, lakini matundu yote ya flashi yamekufa. Nimejaribu flashi tatu. Kibodi na kipanya vimenusurika kwa kuwa ni vya kizamani, vya tundu la mviringo. Diski inalia kama mtu anayetafuna bisi.

Ndani ya diski hiyo kuna misimu kumi na miwili ya shamba la Oswaldi, mkulima wa Kifipa kule Pito. Picha elfu arobaini na moja, vipimo vya kila tuta, madebe ya maharage, magunia ya ulezi. Nakala nyingine haipo. Nimewaandikia mawaziri, wahariri na maaskofu barua za kuwakaripia kwa uzembe wao, na nakala nyingine haipo.

5 Desemba. Milimita 4.

Niandike vizuri, ili hata nikifa kesho atakayesoma ajue nilikuwa nikipigania nini.

Nilikuja Ufipa mwaka 1994, Mnyakyusa mwenye cheti cha kilimo, nimetumwa kuwafundisha Wafipa kulima. Wao walikuwa wakilima ntumba tangu kabla ya serikali yoyote. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi ndefu na udongo laini, mkulima hugeuza ardhi pamoja na nyasi zake na kuirundika kuwa matuta ya mviringo, nyasi ndani, udongo juu. Nyasi zinaoza humo. Msimu unaofuata tuta linasambazwa, na ulezi unakula mbolea ambayo haikununuliwa dukani. Mimi niliwaambia huo ni ujinga, wasawazishe shamba, walime kwa trekta. Nilisema hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2013 nikaanza kupima shamba la Oswaldi ili nimshinde kwa takwimu. Takwimu zikanishinda mimi.

Sasa umekuja mradi wa mkoa mzima, wenye magari meupe, unaotaka kusawazisha matuta. Ekari mia tatu za mwanzo ziko Pito, na shamba la Oswaldi limo. Mkutano wa wadau ni Matai, tarehe 13 Machi. Nimepewa dakika ishirini. Bila vipimo vyangu mimi ni mstaafu mwenye hasira, na wastaafu wenye hasira nchi hii inao wa kutosha.

9 Desemba. Hakuna mvua.

Nimekwenda kwa Godbless, fundi wa kompyuta karibu na stendi.

"Shikamoo mzee. Hiyo rahisi. Lete mashine, tunachomoa diski, tunaivuta kwenye nyingine."

"Na ikigoma?"

"Ikigoma imegoma, mzee. Hizi ni mashine, siyo ng'ombe useme utaibembeleza."

Nimemwambia sikabidhi miaka kumi na miwili kwa mtu anayeuza makava ya simu. Kaka mmoja aliyekuwa akisubiri chaja amecheka. Nimerudi na mashine yangu kama nilivyokwenda.

12 Desemba. Milimita 18.

Njia ipo. Meshack, mwanangu, ameacha laptopu yake hapa alipokwenda Mbeya masomoni hadi Aprili. Kompyuta zote mbili zinatumia Linux, kwa sababu katika nyumba hii hatuombi kampuni ya ng'ambo kibali cha kutumia mashine tuliyoinunua. Zikiunganishwa kwa waya kwenye rauta, moja inaweza kuifungulia nyenzake folda, na mafaili yakahama bila flashi wala fundi.

Anayejua kazi hii yuko hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu. Ni Suma, mke wa Meshack. Amesomea mitandao, anaitunza ile ya chuo kimoja hapa mjini, na anaishi vyumba vya nyuma vya ua wetu. Ila Suma amelelewa na bibi yake kule Rungwe, na anashika mila ya mkwe. Hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hanitazami usoni. Halitamki jina langu. Nikitoka uani anaingia ndani, nikiingia anatoka.

Mwaka 1998 niliandika makala gazetini dhidi ya mila hii, "Mkwe si Simba". Miaka ishirini na sita baadaye simba ndiye mimi.

13 Desemba. Milimita 2.

Jane mke wangu amegeuka kuwa posta kati yetu. Amekwenda nyuma, amerudi.

"Anasema utoke nusu saa tu, aingie, atamaliza."

"Sitoki."

"Baba Meshack, nusu saa."

"Mwambie aingie nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti changu. Nitatazama ukutani. Sifukuzwi nyumbani kwangu na mila niliyoipinga hadharani."

Jane amenitazama kama anavyoutazama mchele wenye mawe. Amekwenda tena. Jioni amerudi na karatasi mbili zenye mwandiko mzuri wa Suma, maelekezo yote, hatua kwa hatua.

14 Desemba. Milimita 26.

Nimefuata karatasi neno kwa neno. Nimekuwa mtu wa vipimo maisha yangu yote, siongezi wala sipunguzi. Laptopu haiioni kompyuta ya mezani. Nimetuma swali. Jibu: "Ukuta wa ulinzi umefungwa, ufunguliwe," na amri ya kuandika. Nimeufungua. Bado.

17 Desemba. Milimita 40.

Umeme umekatika mara tatu.

19 Desemba. Milimita 11.

Kila umeme ukikatika na kurudi, rauta inaamka na kuzigawia mashine anwani mpya, kama mwenyekiti wa mtaa aliyelewa. Jana mashine yangu ilikuwa namba 14, leo ni 22. Laptopu inaendelea kubisha hodi kwenye 14, ambako sasa kuna simu ya Jane. Suma ameagiza kupitia Jane nifunge anwani isibadilike. Nimefunga. Diski inalia zaidi asubuhi.

25 Desemba. Milimita 9.

Krismasi. Suma alipika pilau, akaitanguliza na Jane, akala nyuma peke yake. Mwanamke mwenye shahada amekula Krismasi jikoni kwa sababu mimi nipo mezani. Nimekula kwa hasira. Ilikuwa tamu, na hilo likanikasirisha zaidi.

3 Januari 2025. Milimita 33.

Imeiona! Laptopu imeiona kompyuta ya mezani. Jina la folda limetokea: Ntumba. Nimepiga meza, Jane akaja mbio akidhani nimeanguka. Nimebofya. Ikajibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba ruhusa imekataliwa.

4 Januari. Milimita 15.

Ruhusa imekataliwa.

5 Januari. Milimita 0.

Nimebadilisha neno la siri. Ruhusa imekataliwa.

11 Januari. Milimita 52.

Nimefuta yote nikaanza karatasi ya kwanza mstari wa kwanza, Jane akinisomea, mimi nikiandika. Hakuna herufi iliyokosewa, amekagua yeye, na yeye alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Ruhusa imekataliwa.

"Umegombana na wizara nne," amesema Jane, "umeshindwa na kompyuta mbili."

"Karatasi ya mkweo ndiyo mbovu."

"Mkwe wangu peke yangu? Basi nitamwambia hivyo hivyo."

"Mwambie."

Hakumwambia. Najua kwa sababu jioni maziwa ambayo Suma hututumia yalikuja kama kawaida.

20 Januari. Milimita 28.

Oswaldi amefika mjini kuuza maharage, amepita kunisalimu. Amepiga makofi taratibu kwa salamu ya Kifipa, nami nikapiga, vibaya kama siku zote. Anauliza kama vitabu viko tayari. Vipimo vyangu anaviita vitabu.

"Viko ndani ya mashine."

"Ndani viko. Vitatoka?"

"Vitatoka, Oswaldi."

"Watu wa mradi wamepita Jumapili baada ya misa. Wanaandikisha majina. Mbegu bure, mbolea bure, ukikubali trekta isawazishe. Nimewaambia nasubiri bwana shamba wangu aseme Matai."

Nimemsindikiza hadi kwenye baiskeli yake. Sikumwambia kitu kuhusu mlio wa diski. Mimi, ninayemwita kila kiongozi mwongo.

29 Januari. Milimita 37.

Leo nusura nitoke. Nilifika mlangoni na koti begani. Nikarudi, nikakaa.

Niandike sababu, kwa kuwa hakuna anayeuliza, wote wanadhani ni ukaidi tu. Mama yangu alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa akitoka shambani kule Tukuyu, mdogo wangu mgongoni, akamwona baba mkwe wake anakuja kwenye njia ile ile. Mila ikamwamuru apishe. Akaruka mtaro uliojaa maji ya mvua, akaanguka. Mama aliinuka. Mdogo wangu aliishi siku mbili. Babu yangu alilia kuliko wote, na bado mwaka uliofuata mama alikuwa akimpisha njiani, na watu wakimsifu kwa heshima yake.

Kwa hiyo Suma anapochepuka nikitokea uani, mimi simwoni Suma. Naona mtaro.

6 Februari. Milimita 19.

Ruhusa imekataliwa. Nimejaribu kuisoma karatasi ya pili kinyumenyume, kama mlevi. Kompyuta ya mezani imekataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikakubali. Nimeandika makala ya kurasa sita dhidi ya mila ya mkwe. Ni makala nzuri. Ni kazi pekee niliyoikamilisha tangu Desemba.

15 Februari. Milimita 44.

Diski imenyamaza kwa dakika nzima leo, kisha ikaendelea. Sasa ukimya unanitisha kuliko mlio.

24 Februari. Milimita 30.

Jane haongei nami tangu jana. Nilisema mbele ya dirisha la nyuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu hapa wanaosomea mitandao ya dunia nzima halafu wanashindwa kuvuka uwanja wa mita kumi na tano. Kisha nikasikia sufuria ikiendelea kuoshwa, polepole.

2 Machi, Jumapili. Milimita 12.

Siku kumi na moja kabla ya Matai. Asubuhi mashine ilikataa kuwaka mara tano. Ilipokubali, nilikaa nikiitazama, nikaona kwamba nikiendelea hivi nitakuwa na msimamo tu, shamba halitakuwepo.

Nilivaa koti. Nikamwambia Jane, "Natoka." Hakuniuliza niendako.

Nilikwenda kwa Coleta, jirani yetu, mjane wa Kifipa anayepukuchua mahindi barazani. Akanisogezea kigoda na beseni.

"Mnyakyusa, umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Miezi yote hii tulikuwa tunajiuliza utafanya lini. Pukuchua basi, usikae kama mgeni."

Nilipukuchua. Sikumaliza magunzi kumi, Jane akaniita kwa kupunga kanga kwenye ua.

Haya ndiyo aliyonisimulia. Suma aliingia, akakaa kwenye kiti cha jikoni alichokuja nacho, si kwenye changu. Akaangalia mashine moja, akaangalia ya pili, kisha akashika mdomo.

"Mama! Kumbe ameandika 'baba' kweli!"

Kila mahali kwenye maelekezo palipohitaji jina la mwenye mafaili, Suma alikuwa ameandika "baba". Jina ambalo kompyuta yangu inanijua kwalo ni langu mwenyewe, ambilikile, na hilo hawezi kulitamka wala kuliandika. Alidhani mtu yeyote angeelewa kuweka jina lake pale. Na mtu yeyote angeelewa, isipokuwa bwana shamba asiyeongeza wala kupunguza, na mkewe karani anayenakili kilichoandikwa. Nilikuwa nimemuumba mtu mpya ndani ya mashine, anaitwa baba, nikampa ufunguo wa mlango wa mbele, kisha nikamlaani miezi miwili kwa kutofungua sanduku lisilo lake.

Tungekuwa tumeketi meza moja, angeliona kosa tarehe 14 Desemba. Ningekuwa nimetoka nusu saa, kazi ingeisha tarehe 13.

Jina aliliandika Jane, kwa kidole kimoja, herufi kumi, Suma akiwa amegeuzia uso dirishani. Kisha Suma akabonyeza, na folda ikafunguka.

"Alikuwa na hasira?" nilimuuliza Jane.

"Hapana. Alisema, 'Baba anadhani namwogopa. Mimi namheshimu, kwa namna niliyopewa. Yeye ana makala, mimi nina hii.'"

Mdogo wangu bado amekufa, na msichana huyu bado hana kosa, na sijui niviweke wapi vitu hivyo viwili.

Nilipokaa, mafaili yalikuwa yanahama. 2013. 2014. Nilikuwa nikisoma majina ya mafaili kama mtu anayehesabu wanawe wakishuka kwenye gari. 2015. 2016. Diski ilikuwa ikilia lakini ilikuwa ikitoa. 2017 ilipofika katikati, kukawa na mkwaruzo mmoja mrefu, kama jembe kwenye jiwe. Kioo kikaganda.

Haikuwaka tena. Tumejaribu hadi jioni.

3 Machi. Milimita 6.

Nimeibeba mashine kwa Godbless. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Ameiweka diski sikioni.

"Sindano imekwangua ndani, mzee. Hii hapa Sumbawanga hakuna wa kuifufua. Ungeileta ile Desemba..." Akanipa pole.

5 Machi. Milimita 21.

Jumatano ya Majivu. Mji mzima una alama kwenye paji la uso. Mimi Mmoravian sina, ila nimekaa ndani kama niliyenayo.

8 Machi. Milimita 25.

Nimepitia kilichookoka. Misimu minne na nusu. Shamba la kulinganishia, lile la jembe la trekta kando ya matuta, tulilianza 2018. Nilichonacho kinaonyesha kwamba Oswaldi alivuna. Hakionyeshi kwamba alivuna kuliko trekta. Mwaka wa ukame, 2022, trekta ilipotoa makapi na ntumba zikalisha nyumba nzima, upo ndani ya chuma kile kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo.

13 Machi, Matai. Milimita 0.

Ukumbi ulijaa. Msemaji wa mradi ni kijana mpole anayeitwa Zephania. Nilijiandaa kumchukia, na alinivutia kiti.

Nilizungumza dakika ishirini. Nilionyesha misimu minne. Kisha nikaeleza iliyobaki kwa kichwa: magunia haya dhidi ya magunia yale, mwaka huu, mwaka ule. Nilikuwa na hakika ya kila namba. Nilisikia sauti yangu ikipanda.

Zephania alisubiri nimalize.

"Shikamoo tena, mzee. Namba za ulinganisho ziko wapi tuzione?"

"Zimeharibika. Nazikumbuka."

"Mzee, mwaka 2016 ulitufundisha semina pale mjini. Nilikaa safu ya pili. Ulituambia, 'Kumbukumbu si takwimu. Mtu akikuletea kumbukumbu, mrudishe shambani akapime.' Mpaka leo nafanya kazi kwa sentensi hiyo."

Hakuwa akinikejeli. Watu wengine walicheka, yeye hakucheka. Waliupitisha mradi kabla ya chakula cha mchana.

14 Machi. Milimita 3.

Nimeichana makala ya kurasa sita. Halafu nikamwomba Jane apeleke shukrani nyuma. Jibu limerudi: "Pole, baba." Sasa nikitaka kutoka uani napiga kikohozi kwanza, Suma apate nafasi. Sijabadili mawazo yangu. Nakohoa tu.

22 Machi, Pito. Milimita 8.

Nimekwenda kwa baiskeli. Huu ndio wakati wa kujenga ntumba, na kwenye mashamba ya jirani watu walikuwa wameinama, majembe yakigeuza nyasi. Shamba la Oswaldi lilikuwa na vigingi vyenye utepe mwekundu. Yeye na mkewe Fransiska walikuwa wamekaa mbele ya ghala wakichambua mbegu za mradi, zilizopakwa rangi ya waridi.

Alipiga makofi ya salamu. Nikapiga.

"Trekta inakuja lini?"

"Jumanne."

"Oswaldi, kataa. Ardhi ni yako, hakuna anayeweza kukulazimisha."

"Hawakunilazimisha, Bwana Shamba. Waliniuliza. Waliniuliza mbele ya kikundi kizima cha wakulima: mzee Oswaldi, ntumba zako zinazidi trekta kwa kiasi gani? Nikasema anayejua ni bwana shamba."

"Wewe ndiye uliyelima! Unajua kuliko mimi."

Fransiska alicheka kidogo, bila furaha. "Mwonyeshe mlango," alisema.

Oswaldi alinyanyuka, akaufunga mlango wa ghala ili niuone upande wa nje. Ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa.

"Hapa nilikuwa nachora mkaa," alisema. "Mstari mmoja kila gunia, kila mwaka na mahali pake. Baba alichora, na mimi nikachora. Ulipokuja na kompyuta ukaniambia, Oswaldi, acha mambo ya mkaa, mkaa unafutika, mimi naandika mahali pasipofutika. Nikaona aibu. Nikapaka chokaa."

"Nilimwambia asipake," alisema Fransiska.

Nilisimama mbele ya mlango ule. Nilitafuta hata kivuli cha mstari chini ya chokaa. Alikuwa amepaka vizuri, tabaka mbili, kama anavyofanya kila kitu.

"Mwaka wa ukame," nilimwambia, "2022. Ulivuna magunia kumi na moja ya ulezi. Unakumbuka? Kumi na moja."

Alifikiri kwa uaminifu, akiwa ameshika mkono wa mlango.

"Nakumbuka tulikula," alisema.